Maswali yenu: Uyoga unaovunja rangi za nguo

Toleo lililopita niligusia kwa aya moja tu kwamba kuna fangasi (uyoga ni mmoja wao) na vimeng'enya vyao (enzaimu, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia) vinavyoweza kuvunja rangi kwenye maji machafu ya viwanda vya nguo, basi maswali yakamiminika. Nimechagua haya sita, na yale yaliyofanana nimeyaunganisha, kwahiyo ukiona swali lako limekatwa kidogo usikasirike.

SWALI: Habari za kazi mwanangu. Mie natengeneza batiki hapa Bagamoyo, nina wasichana wananisaidia. Maji ya rangi tunamwaga shimoni nyuma ya nyumba miaka yote. Mjukuu wangu kasoma gazeti lenu ananiambia bibi nunua mbegu za uyoga umwage mule shimoni maji yatakuwa masafi. Ni kweli hiyo?
Bibi wa batiki, Bagamoyo

JIBU: Shikamoo bibi, na pole na kazi maana najua moshi wa nta ulivyo. Mjukuu hajakudanganya, ila ameruka hatua za katikati na hizo za katikati ndo zenye kazi yote.

Kwanza tuangalie unamwaga nini. Batiki nyingi za kwetu zinatumia rangi za vati, ule unga mnaouchanganya na kostiki soda na haidro kwenye maji ya moto. Rangi hizi kwa asili yake haziyeyuki kwenye maji, haidro ndo inazibadilisha zikubali kuyeyuka, ndo maana kitambaa kikitoka kwenye beseni unakikuta na rangi nyingine kabisa, nili kwa mfano inatoka na ukijanikijani, alafu ukikitandaza upepo ukakipiga dakika chache tu bluu yenyewe inajitokeza mbele ya macho yako. Hapo oksijeni ya hewani imeirudisha rangi kwenye hali yake, imegoma kuyeyuka tena, imenasa ndani ya uzi. Sasa kitu hichohicho ukiruhusu kitokee kwenye yale maji unayotaka kumwaga umeshapunguza tatizo kwa kiasi kikubwa bila uyoga wowote. Yaweke kwenye pipa lililo wazi, siyo shimoni, yakoroge asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, alafu yaache yatulie. Rangi itajikusanya izame chini iwe tope. Chota ya juu taratibu, lile tope lianike kwenye turubai, likikauka lifunge kwenye mfuko liende dampo, usilichome na usilimwage kwenye bustani ya mboga.

Na hapa nakuomba sana bibi, na wale wasichana uwaambie: msimwage siki, ndimu wala asidi ya betri kwenye maji ambayo haidro yake bado mbichi. Inatoka gesi ya salfa inayokaba koo na mwenye pumu anaweza kuzidiwa palepale. Subirini mpaka maji yamekaa wazi na kukorogwa siku hizo nilizosema, na hata hapo fanyeni uwanjani siyo chumbani.

Sasa uyoga. Ukimwaga mbegu za uyoga kwenye shimo lenye kostiki zinakufa na hela yako imepotea, sababu fangasi hawa wanapenda maji yenye uchachu kidogo, pH 5 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, 7 ni katikati, juu ya hapo ni upande wa kostiki), na maji yako yanaweza kufika 12. Ukitaka kujaribu, yale maji ya juu yaliyokwisha kutulia yatilie siki kidogo kidogo huku unapima kwa karatasi za pH mpaka ufike 5 au 6, alafu yapitishe polepole kwenye pipa lililojazwa mabaki ya mifuko ya uyoga mamama, yale majani na pumba zilizojaa nyuzi nyeupe baada ya mavuno. Rangi iliyobaki itanaswa na nyingine itavunjwa. Sikuahidi maji ya kunywa wala ya kumwagilia mchicha, nakuahidi maji yenye madhara madogo kuliko hayo unayomwaga sasa. Na kama kuna kisima karibu na lile shimo, naomba shimo lisitumike tena kabisa.

SWALI: Shikamoo dada. Tumefundishwa kwamba kila kimeng'enya kina kitu chake kimoja kinachokivunja. Sasa inakuwaje kimeng'enya cha fangasi kivunje rangi za viwandani ambazo hata hazipo kwenye asili? Na kwanini fangasi, kwanini siyo bakteria?
Kidato cha sita, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Swali hili ndo kiini cha mambo yote, kwahiyo nitalikalia.

Siku ukipita porini tafuta gogo lililoanguka zamani likapigwa na mvua. Utakuta sehemu mbao imegeuka nyeupe, imekuwa laini, ukiivuta inachanika nyuzinyuzi. Hapo fangasi wa uozo mweupe wamepita. Kwenye mbao kuna lignini, hiyo ndo inayoufanya mti uwe mgumu na usiliwe ovyo na wadudu na vijidudu, na lignini haina mpangilio mmoja, ni pete za kaboni zimeunganishwa huku na kule bila utaratibu. Sasa kimeng'enya kinachochagua kitu kimoja kingefanya nini hapo? Kisingefika popote. Fangasi hawa wakaja na vimeng'enya visivyochagua, tena wanavitoa nje ya mwili wao vikafanye kazi huko, alafu wenyewe wanafyonza vilivyosagika. Rangi za viwandani nazo zimejengwa kwa pete zilezile za kaboni. Kijana wa Kiingereza William Perkin alitengeneza rangi ya kwanza ya kemikali iliyouzwa sokoni mwaka 1856, akiwa na miaka 18, na alikuwa anatafuta kwinini ya kutibu malaria siyo rangi. Kwahiyo rangi hizi hazijafikisha hata miaka 200 duniani, fangasi hawajawahi kuzoeshwa kwazo, ila silaha waliyoitengeneza kwa ajili ya mti inazipata tu.

Vimeng'enya vyenyewe vikubwa ni vitatu. Cha kwanza lakezi, kilianza kuelezwa mwaka 1883 na Mjapani Yoshida aliyekuwa anachunguza utomvu wa mti wa laka, baadaye kikaonekana kwa fangasi pia. Lakezi ina atomi nne za shaba, na inafanya kazi kama dalali: inachukua elektroni kwenye rangi, inazikabidhi kwa oksijeni, oksijeni inageuka maji, na rangi iliyonyang'anywa elektroni inakosa utulivu inaanza kuvunjika. Haihitaji kitu kingine zaidi ya hewa, na mimi hiyo ndo inanifanya niipende. Viwili vingine ni peroksidezi ya lignini na peroksidezi ya manganizi, hivi vina chuma ndani yake na vinahitaji haidrojeni peroksaidi ambayo fangasi anaitengeneza mwenyewe. Peroksidezi ya lignini iligunduliwa mwaka 1983 kwenye fangasi anayeitwa Phanerochaete chrysosporium, na mwaka huohuo watafiti wa Marekani wakaonyesha fangasi huyohuyo anaondoa rangi kwenye maji.

Kuhusu bakteria, siyo kwamba hawawezi. Rangi nyingi zaidi za nguo ni za kundi la azo, zina atomi mbili za naitrojeni zilizoshikana katikati, na bakteria wasiotumia hewa wanakata pale katikati vizuri tu, maji yanakuwa meupe kila mtu anafurahi. Tatizo ni vipande vinavyobaki. Vinaitwa amini za aromatiki, havina rangi, huvioni, na baadhi yake vinasababisha saratani, benzidini ni mmojawapo wa zile zinazojulikana vizuri kwa saratani ya kibofu. Ndo maana mwaka 2002 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nguo zenye rangi za azo zinazoweza kuachia amini 22 walizoziorodhesha. Lakezi kwa rangi kadhaa za azo inapita njia nyingine, inavunja mpaka ile naitrojeni inatoka kama gesi ya kawaida iliyo kwenye hewa tunayovuta. Nimesema kadhaa, siyo zote, hilo likae kichwani.

Kama shule yenu ina maabara jaribu hili. Mnachukua ageri ya kukuzia fangasi mnaitia rangi ya bluu inayoitwa Remazol Brilliant Blue R, mnaimimina kwenye kisahani, ikiganda mnaweka katikati kipande kidogo cha utando mweupe wa uyoga mamama, sentimita moja inatosha. Mnafunika mnaacha mahali penye joto la kawaida. Siku za kwanza hamtaona kitu, alafu ukingo wa ule utando unaanza kuzungukwa na duara isiyo na rangi, na siku zinavyokwenda bluu inarudi nyuma mpaka ukutani kwa kisahani. Nyuzi zenyewe hazijafika pale, kimeng'enya kimetangulia.

Ila msiishie hapo. Kuna fangasi wanaonyonya rangi tu bila kuivunja, maji yanakuwa meupe na rangi yote imehamia kwenye mwili wao. Utajuaje? Chukua utando uliokuwa kwenye maji ya rangi uloweke kwenye methanoli, mwalimu akiwepo maana methanoli ni sumu. Methanoli ikipata rangi, basi fangasi aliibeba tu. Ikibaki nyeupe una sababu nzuri ya kusema ameivunja.

SWALI: Asalaam aleikum. Nimenunua suruali ya jinsi hapa Muscat, kibandiko kinasema imefuliwa kwa enzaimu. Ndo hivihivi mnavyoandika? Na vina madhara kwa ngozi?
Msomaji wa Muscat, Omani

JIBU: Waaleikum salaam. Mara nyingi ni seluliezi, inayokwangua nyuzi za juu za pamba ili jinsi ionekane imechakaa vizuri, zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mawe. Lakezi nayo ipo, kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliiingiza sokoni mwaka 1996 kwa ajili ya kufifisha bluu ya jinsi. Kwako mvaaji hakuna tatizo, vimeng'enya vinauliwa na kuoshwa kabla jinsi haijatoka kiwandani. Wa kulindwa ni mfanyakazi anayevuta vumbi la unga wake, huyo anaweza kupata mzio hadi pumu.

SWALI: Sasa dada. Mimi niko upande wa maji taka kwa kiwanda cha nguo huku Athi River. Naona makaratasi ya utafiti kila wakati, fangasi ametoa rangi asilimia tisini na ngapi, lakini sijaona kiwanda hata moja hapa kwetu inatumia. Shida ni nini haswa? Mkubwa wangu anataka nimpelekee jibu.
Fundi wa maji taka, Athi River

JIBU: Poa kaka. Mpelekee hili jibu lote, na umwambie tangu mwanzo kwamba fangasi anafanya kazi kweli, ila yale makaratasi na bomba lako ni vitu viwili tofauti.

Kwenye maabara wanachukua rangi moja safi, wanaiyeyusha kwenye maji ya pH 5, wanaua vijidudu vyote, wanaweka joto la nyuzi 28 au 30, wanamlisha fangasi sukari. Wewe yanayokufikia ni maji ya rangi sita zilizochanganyika, ya moto, pH 10 au 11 sababu rangi riaktivu, ile inayojiunga na uzi wenyewe kikemia, haishiki pamba bila magadi soda, na yana chumvi vibaya sana. Kwa rangi nzito beseni la riaktivu linatiwa gramu 50 hadi 80 za chumvi kwa lita, na bahari yenyewe ina kama 35. Yanapungua yakichanganyika na maji ya kusuuzia lakini bado fangasi wengi wa nchi kavu wanadumaa humo. Ongeza sabuni, ongeza vilainishi, ongeza kwamba leo mnapaka nyeusi kesho mnapaka pinki, kwahiyo kila siku chakula kimebadilika.

Alafu kuna bakteria. Hili ndo linaloua miradi mingi na linaandikwa mistari miwili tu mwishoni mwa ripoti. Fangasi anakua polepole, bakteria wanakua haraka, na maji yako siyo safi wala huwezi kuyachemsha yote, kwahiyo tangi linaanza vizuri rangi inakatika kila mtu anapiga picha, baadaye maji yanaanza kuwa na utelezi, harufu inabadilika, zile nyuzi nyeupe zinakuwa kijivu na lakezi inashuka inaisha. Njia za kumsaidia zipo: shikilia pH 4.5 hadi 5 maana bakteria wengi hawaipendi, punguza naitrojeni kwenye chakula, ondoa sehemu ya fangasi wazee mara kwa mara uweke wapya, na kikubwa mpe mahali pa kushika asielee ovyo. Watafiti wametumia sponji, magunzi ya mahindi, hata dodoki. Dodoki nalipenda, kwanza linalimwa, ni jepesi, lina matundu maji yanapita bila kuziba, na fangasi anajisokota kwenye zile nyuzi zake mpaka ukilikata unaona weupe umeingia hadi ndani.

Kuhusu chumvi kuna habari nzuri na ni ya baharini kwetu. Kuna fangasi anaitwa Flavodon flavus, Wahindi walimpata kwenye nyasi bahari zinazooza huko visiwa vya Lakshadweep, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakamtoa Bahari ya Hindi hapahapa pwani ya Dar. Amezoea maji ya chumvi na bado anatoa vile vimeng'enya vya kuvunja lignini. Mimi nadhani tungepaswa kuwa tunawachunguza hawa wa mikokoni na nyasi bahari kuliko kuagiza aina zilezile za misitu ya Ulaya ambazo zimeshafanyiwa kazi mara elfu.

Sasa ukiniuliza nimweke wapi, usimpe bomba zima. Tenganisha yale maji ya beseni la kwanza, machache lakini mazito, hayo ndo yamebeba rangi iliyogoma kushika. Kwa riaktivu kitambaa kinachukua kama asilimia 60 hadi 90 kutegemea rangi, iliyobaki yote inaondoka na maji. Hayo yapoe, yarekebishe pH, ndipo yaende kwa fangasi akae nayo siku moja au zaidi, alafu yakitoka yaungane na mengine kwenye tangi lako la kawaida la hewa na bakteria wamalizie vipande vilivyovunjika. Kumbuka fangasi anahitaji kulishwa, molasisi inafaa na huko kwenu magharibi kuna viwanda vya sukari, lakini ukizidisha unaongeza COD yako mwenyewe (kipimo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji), yaani umesafisha rangi umechafua kwa sukari. Na kununua kimeng'enya tupu badala ya fangasi mzima ni rahisi kukiendesha ila bei yake kwa maji mengi inauma, tena kwa rangi ngumu kama Reactive Black 5 lakezi peke yake inasuasua mpaka uiongezee kemikali ya kuisaidia kubeba elektroni, na hizo nyingine zina sumu zake.

Mkubwa wako akiuliza kama fangasi ataondoa chumvi, jibu ni hapana, hata chembe. Chumvi ndo iliyoua mto Noyyal kule Tirupur, India, pamoja na rangi, mpaka Januari 2011 mahakama kuu ya Madras ikaamuru viwanda vya kupaka rangi vya mji ule vifungwe, zaidi ya 700, sababu vilishindwa kutimiza sharti la kutotoa maji nje kabisa. Waliorudi kazini walirudi na mitambo ya kuchuja na kuvukiza maji, na Hawassa kule Ethiopia walilianza eneo lao maalum la viwanda mwaka 2016 likiwa na mfumo wa namna hiyo tangu mwanzo. Hiyo inakula umeme. Kwahiyo kazi ya kwanza kaka iko kwa wapaka rangi siyo kwako, watafute rangi zinazoshika zaidi na kutaka chumvi kidogo, kila gramu isiyoingia kwenye beseni huna haja ya kuihangaikia mwisho wa bomba.

Ukianza anza na pipa moja la majaribio kwa maji yenu halisi, na usipime rangi peke yake. Pima COD kabla na baada, alafu otesha mbegu za figili au mchicha kwenye maji yaliyotoka kwa fangasi na kwenye maji ya bomba uone mizizi inatofautianaje. Maji meupe ambayo mbegu inakataa kuotea humo bado hayajasafishwa.

SWALI: Habari dada. Nalima uyoga mamama Kibaha. Mifuko ikishachoka kuzaa huwa natupa au nawapa watu wa mbolea. Je naweza kuwauzia viwanda vya nguo? Na nikimwagilia uyoga kwa maji ya rangi ili uyasafishe, ule uyoga unaliwa?
Mkulima wa uyoga, Kibaha

JIBU: Naanza na la mwisho sababu linanitisha. HAULIWI. Uyoga unafyonza madini mazito kama kadimiamu na unayalundika mwilini mwake, na rangi nyingine zimetengenezwa kwa shaba au kromu ndani yake, kwahiyo uyoga wowote utakaochomoza kwenye pipa la maji ya rangi ung'oe uutupe na watoto wasiuguse. Usimpe kuku, usimpe ng'ombe. Na banda la uyoga wa kula lisikae pamoja na hilo pipa, weka mbali kabisa na vifaa vyake viwe tofauti.

Kuhusu mifuko, kitu ulichonacho kina thamani kweli. Baada ya mavuno ya mwisho nyuzi bado ziko hai na lakezi bado imo, ukiloweka yale mabaki kwenye maji safi ukakamua, yale maji ya kahawia yanayotoka yana kimeng'enya cha kuvunja rangi. Watafiti wa nchi nyingi wameshayapima. Ila isiachwe juani, joto linaua kimeng'enya, na isikae mpaka ikaota ule ukungu wa kijani maana hapo fangasi mwingine ameshaingia. Soko lenyewe kusema ukweli hapa kwetu bado halijaundwa, hakuna kiwanda kitakachokuja na lori wiki ijayo. Unachoweza kuanza nacho ni wale mafundi wa batiki, kama yule bibi wa swali la kwanza, Bagamoyo siyo mbali na wewe, mapipa mawili matatu ya mabaki ni kitu mnachoweza kupatana. Na baada ya kutumika kwenye rangi mabaki hayo hayarudi kuwa mbolea ya mboga, hilo mkubaliane mapema nani anayatupa na wapi.

SWALI: Dada mimi naishi bonde la Msimbazi, Dar. Kuna kiwanda kimoja huku juu, siku nyingine maji yanashuka ya bluu, siku nyingine mekundu, na watu wanamwagilia mchicha hayohayo. Kwanini serikali isimwage huo uyoga mtoni tukapumzika?
Mkazi wa bondeni, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu yangu, nimesoma barua yako nikaumia. Uyoga mtoni hautafanya kitu. Maji yanatembea, yanapita kabla kimeng'enya hakijapata muda, na mto umejaa bakteria watakaowameza fangasi wako. Kwenye tangi lililofungwa tunahangaika, mtoni ndo kabisa. Rangi inazuiwa pale inapotokea, kiwandani, kabla haijaonana na mto. Na tambua kwamba rangi inaonekana kwa macho hata ikiwa miligramu moja tu kwa lita, kwahiyo siku mto ukiwa mweupe usidhani ndo salama, magadi na chumvi havionekani. Rangi yenyewe nayo inazuia mwanga kufika chini, mimea ya majini inashindwa kutengeneza oksijeni na samaki wanakosa pumzi.

Unachoweza kufanya ni kuandika. Tarehe, saa, rangi uliyoiona, umesimama wapi, na picha yenye kitu kinachoonyesha mahali, daraja au nguzo. Mara moja haitoshi, endelea mpaka ionekane inatokea saa zilezile, maana wanaomwaga huwa wana saa zao. Peleka NEMC (baraza la taifa la mazingira) na bodi ya maji ya bonde la Wami/Ruvu, pitia serikali ya mtaa ili barua iwe na mhuri. Usiombe tu waje waangalie, omba matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka kwenye bomba la kile kiwanda. Kiwango cha Tanzania cha maji taka ya viwandani kinataka pH iwe kati ya 6.5 na 8.5, BOD (oksijeni ambayo vijidudu wanaitumia kula uchafu) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD isizidi 60, na rangi isizidi 300 kwa kipimo cha TCU. Namba hizo ziandike kwenye barua yako, mkaguzi akikujibu kwamba maji yako vizuri mwombe akuonyeshe zake. Na huyo anayemwagilia mchicha, mshawishi achote maji ya kisima au ya bomba walau kwa hizi mboga za majani, na siku mto unaposhuka na rangi asimwagilie kabisa, mchicha ukikosa maji siku moja haufi.